Kiinitete Kilivyosalimiwa Wabera

Juzi nilikuwa kliniki hapa Wabera nikingoja dawa ya magoti. Pazia la chumba cha picha lilikuwa wazi kidogo, na macho yangu hayana adabu. Ndani alilala bibi arusi wa mwaka juzi tu, ambaye mimba mbili zimeshamtoka. Mama mkwe wake alisimama kando, ameziba mdomo kwa shali.

"Daktari, mtoto wangu yuko?" bibi arusi akauliza.

"Wewe, usimwite mtoto!" mama mkwe akafoka. "Kwetu hatumtaji mapema. Ukimtaja anaenda."

Daktari akacheka. "Basi mama, sema kiinitete. Ni mimba ikiwa changa hivi, kadogo kama haragwe, viungo ndio vinaanza kujitengeneza. Lakini hebu angalia hapa."

Kwenye kioo cha mashine, kitu kilikuwa kinapigapiga, kidogo sana, bila kuchoka.

"Huo ni moyo wake."

Bibi arusi akaanza kulia. Mama mkwe akashusha shali, akainama mpaka pua karibu iguse kioo, akanong'ona, "Salaam aleikum."

Wallahi nywele zilinisimama. Na kwa vile mwenyewe hana mdomo bado, mimi nikamjibia kutoka huku nje: "Aleikum salaam."