Mabaki ya Jumapili

Jumapili ya kwanza baada ya Bonge kutoka hospitali, ndugu zake walikuja kumjulia hali, wakakaa sebuleni, wakasubiri chakula.

Usidhani nimekosea. Sikusema walileta chakula, nimesema walisubiri. Mwanamke ametoka kukatwa tumbo, amebakiziwa kipande kisichozidi ndizi moja, anatembea ameshika ukuta, na watu wazima wenye meno yao yote wamejaa kwenye makochi yake, macho kwenye mlango wa jikoni.

Jina la Bonge alipewa na wadogo zake tangu utotoni, na likamganda. Kazi yake ni kushona sare za shule. Chumba cha mbele cha nyumba yake kina cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, na mashati meupe yaliyoning'inia mpaka dirishani. Miaka ya karibuni tumbo lilikuwa linafika kwenye cherehani kabla yake, naye akawa anashona kwa kunyoosha mikono. Hilo alilivumilia. Kilichomtisha ni kidonda cha unyayo wa kulia, unyayo wa kukanyagia, ambacho sukari ilikataa kukiacha kipone. Daktari alimwambia bila kuzunguka: mwili upungue, au mguu ukatwe. Mguu ukienda, cherehani imekwenda. Akachagua kisu cha tumbo.

Masharti alipewa kabla hajavaa viatu vya kurudia nyumbani. Supu iliyochujwa kwa kitambaa, tena kwa kikombe kidogo cha plastiki, kile cha kupimia dawa, funda moja moja. Asiinue kitu kizito kuliko birika. Asiguse chakula kigumu mpaka aambiwe. "Mshono wa ndani bado mbichi," daktari alisema. "Ukifumuka tutakurudisha mezani, na siahidi kwamba utashuka mzima." Mtu anayeishi kwa uzi na sindano hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Sasa turudi sebuleni.

"Dada, mbona leo jikoni kimya?" aliuliza mdogo wake anayemfuata, mwalimu wa hesabu, mtu wa kuvaa tai hata Jumapili.

"Kimya kwa sababu nimepasuliwa."

"Walikupasua tumbo. Mikono si ipo?"

Walicheka. Kitinda mimba, dereva wa lori, alicheka huku akijipiga paja. Mke wa mwalimu, karani wa benki, aliziba mdomo kwa kiganja na kusema, "Jamani, mwacheni wifi yangu," lakini hakunyanyua kalio lake kwenye kochi.

Bonge angenyamaza. Alikuwa amezoea kunyamaza, na dawa za maumivu zilimsaidia. Ila alisikia sufuria kubwa ikikwaruza sakafu ya jikoni. Ni Mama. Mama yao anaishi kwa Bonge, viganja vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, hata kifuniko cha chupa ya maji hafungui, na sasa alikuwa anaburuta sufuria ya watu kumi kuelekea kwenye moto ili wanawe wasione njaa. Hakuna mwingine aliyegeuza shingo. Bonge akainuka.

Alipika wali, akapika kuku. Aliinua ile sufuria kwa mikono yote miwili, akahisi kitu kikivuta ndani chini ya mbavu, akashika ukingo wa meza mpaka kikapita. Akapakua sahani moja moja, kama alivyopakua kila Jumapili tangu baba yao alipofariki. Wakala. Wakasifu. Dereva akaongezwa.

Kisha sahani zikarudi jikoni.

Hapa lazima nieleze sheria ya nyumba ile, maana bila hiyo hutaelewa. Sheria ni ya Mama: chakula hakitupwi. Walipokuwa wadogo, wavulana walikula wakaacha, wakakimbilia mpira. Aliyebaki na sahani ni binti mkubwa. "Maliza, mwanangu. Anayetupa chakula ataomba." Binti akamaliza. Akamaliza ya huyu na ya yule, ngozi za kuku, ukoko, wali uliolowa mchuzi, na wavulana walipokua na kuoa, akamaliza ya wake zao na ya watoto wao. Alikuwa hata hafikiri. Mkono wa kushoto unashika sahani, wa kulia unakomba, mdomo unapokea, sahani inaingia kwenye beseni. Kwake huko kulikuwa kuosha vyombo, si kula.

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ile. Sahani ya tatu au ya nne, ya mwalimu, ilikuwa na wali wa tonge moja na kipande cha paja. Mkono ukakomba. Mdomo ukapokea. Alishtuka alipokuwa amekwisha kumeza.

Maumivu yalimkamata kifuani kama mlango uliofungwa kwa nguvu. Chakula hakikushuka, hakikupanda. Mate yakaanza kumjaa mdomoni, mazito, yenye povu, akayatema kwenye beseni la vyombo, yakaja mengine, akainama juu ya maji ya sabuni akiwa amejishika tumbo, akijiambia mshono umefumuka, mshono umefumuka, nimejiua kwa tonge la mwalimu. Kule sebuleni mtu aliongeza sauti ya televisheni.

Mama ndiye aliyepiga kelele. Dereva akampeleka hospitali, na njiani alilalamika kwamba hakunywa chai.

Muuguzi aliyempokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. "Nani amekupa wali?"

"Hakuna aliyenipa. Nilikuwa naosha vyombo."

"Unaosha vyombo kwa mdomo?"

Walimpiga picha, wakamwekea maji ya mshipani, wakamlaza mpaka kesho yake. Mshono ulikuwa haujafumuka. "Safari hii," daktari alisema, akaondoka bila kumaliza sentensi.

Bonge alirudi nyumbani na hasira. Wenye busara husema hasira hasara, lakini mimi naona wengi wao husema hivyo wakiwa wameshiba. Hasira ile ilimfaa kuliko dripu. Wiki nzima alikaa mbele ya cherehani bila kushona, kikombe chake cha plastiki kando, akinyonya supu funda kwa funda na kufanya hesabu ambayo mwalimu wa hesabu hakuwahi kuifanya. Harusi ya mwalimu: wifi alimwomba asikae kiti cha plastiki mbele ya wageni, kisivunjike. Na usiku huohuo nani alibaki jikoni akimaliza masinia? Siku dereva alipomwambia apande nyuma ya lori kwa sababu mbele hatoshi, mfuko wa chakula alioshika mapajani ulikuwa wa nani? Kila kilo waliyoicheka ilitoka kwenye sahani zao. Walimlisha makombo, kisha wakamcheka kwa kunenepa. Na yeye alicheka pamoja nao! Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alikuwa anacheka.

Hakumwambia mtu. Mama alimwona anavyobana midomo, akadhani ni maumivu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Jumamosi mwalimu alipopiga simu, mshindo ulikuwa umebakiza siku moja.

"Dada, tunakuja kesho kama kawaida. Unajisikiaje?"

"Njooni," alisema Bonge. "Nitaandaa meza."

Akaiandaa kweli. Alitandika kitambaa cheupe alichokipiga pasi mwenyewe. Akapanga sahani kubwa za wageni, uma upande huu, kijiko upande ule, glasi, hata vitambaa vya kufutia midomo. Wifi alipoingia na watoto alisema, "Makubwa! Leo tumeheshimiwa," akawahi kiti. Mwalimu akalegeza tai. Mama peke yake alibaki amesimama mlangoni mwa jikoni, mahali anaposimama siku zote, kwa sababu yeye alijua jikoni kuna nini na hakuelewa.

Bonge akaja na sinia. Katikati ya kila sahani akaweka kikombe kidogo cha plastiki, vile vile vya hospitali, alipewa pakiti nzima. Ndani ya kila kikombe, supu ya kuku iliyochujwa, nyeupe karibu na maji.

Walitazama vikombe. Wakatazamana.

"Hiki ni nini?" aliuliza dereva.

"Chakula cha mchana."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Hicho ndicho ninachokula mimi, asubuhi, mchana na jioni. Mlikuja kumwona mgonjwa, si ndiyo? Basi mwoneni. Kunyweni polepole, ukigugumia kinakukwama hapa." Akajigusa kifuani.

Dereva alikimeza chote mara moja, akaweka kikombe chini na kuangalia jikoni. Wifi alinusa, akakisukuma. Mwalimu alicheka kile kicheko chake cha darasani.

"Bonge, utani umeisha. Watoto wana njaa."

"Usiniite Bonge."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotema wali wako kwenye beseni. Wali wako wewe, mwalimu, na mfupa wako ulioutafuna nusu. Miaka yote mimi ndiye jaa lenu. Mnakula mnachotaka, mnachoacha mnamwaga humu." Alijipiga kifua, si tumbo, tumbo lilikuwa bado linauma. "Jaa likifurika mnalicheka, mnaliita Bonge, mnaliambia lisikae kiti cha plastiki. Nimekatwa tumbo ili nibaki na mguu wangu, na siku ya kwanza tu mmekuja kulijaza tena. Hamkuleta hata chungwa!"

"Wifi, maneno mazito hayo," alisema karani wa benki.

"Sufuria ilikuwa nzito zaidi. Ulikuwa umekaa pale pale."

Mwalimu alisimama, akaivuta tai ikakaa sawa. "Sijui huko hospitali walikukata tumbo au walikukata roho. Ulikuwa mtu wa watu, dada. Twendeni hotelini."

Wakaondoka, watoto mbele, viti vimebaki vimesukumwa ovyo. Dereva alichelewa kidogo mlangoni. Alionekana kama anataka kusema jambo, akakuna kichwa, akasema, "Gari lao nimelizibia njia," akatoka.

Bonge alikaa. Hakujuta hata neno moja. Alikuwa anatafuta neno jingine la kuongeza, amesahau lipi, aliposikia plastiki ikigonga glasi.

Ni Mama. Alikuwa anazunguka meza. Anachukua kikombe cha wifi, anakimimina kwenye glasi ya mwalimu. Anachukua cha mtoto, anamimina. Vidole vyake vilivyokakamaa vinashikilia glasi iliyojaa nusu, supu ya watu sita iliyopoa, na anaipeleka kinywani akiwa amesimama.

"Mama, acha."

"Chakula hakitupwi, mwanangu."

"Mwaga!"

Hakuwahi kumpigia mama yake kelele maishani mwake. Mama aliganda, glasi hewani. Hakukasirika. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua:

"Nikimwaga, mimi nitakula nini?"

Bonge alijaribu kukumbuka Jumapili hata moja ambayo Mama alikaa kwenye meza hii. Alijaribu kukumbuka sahani ya Mama, ilikuwa na rangi gani. Hakuwa na sahani. Tangu wakiwa watoto, Mama alipakua za wote, akasimama mlangoni, akasubiri kitakachobaki, na binti alipokua akagawana naye kile kile. Hasira aliyokuwa nayo kwa mama huyu, maana alikuwa nayo, nyingi tu, aliyoiweka akiba ya mwisho, ilikosa pa kutua.

Akainuka akishika ukuta. Jikoni, kuku aliyetoa supu alikuwa bado kwenye sufuria, mzima, hajaguswa. Akachukua sahani moja kubwa ya wageni. Akaweka paja, akaweka kidari, akaweka viazi viwili vilivyochemkia humo humo, akanyunyiza chumvi. Akairudisha mezani, mbele ya kiti alichokuwa amekalia mwalimu.

"Kaa, Mama."

"Yote hii?"

"Yako peke yako. Ukishindwa, acha."

Mama alikaa ukingoni mwa kiti, tayari kuinuka mtu akimwita. Alikula taratibu, akitazama mlango. Hakuna aliyemwita. Baada ya muda mgongo wake ukagusa kiti. Bonge alikaa upande wa pili na kikombe chake, funda moja moja, wakala hivyo mpaka Mama alipoweka kijiko chini. Kwenye sahani kulikuwa na kipande cha kidari na nusu ya kiazi.

"Nimeshiba," alisema, kwa mshangao kidogo. Na kwa mazoea ya miaka yote, akaisukuma sahani kwa binti yake.

Mkono wa kulia wa Bonge ukainuka. Aliuona ukienda wenyewe, vidole vimeshajikunja, umefika juu ya kidari. Mama naye aliuona.

Bonge akashika sahani kwa mikono miwili, akaenda nayo mpaka kwenye ndoo ya taka, akaikung'uta kwa kijiko mpaka ikabaki tupu. Kiazi kiligonga chini ya ndoo kwa kishindo. Mama alifumba macho, kisha akayafumbua.

"Maji ya kunawa yamo kwenye birika, Mama," Bonge alisema, na akaanza kuosha vyombo.