Mzimu wa Darini

Juzi mafundi walipokuwa wakinipigia dari ya jipsamu, nilikumbuka alasiri moja ya utotoni kwenye kibanda cha video, Gongo la Mboto. Joto, jasho, harufu ya bisi. Mtafsiri wa filamu alinong'ona kwenye maiki, "Mzimu upo darini, na mama wa watu anapanda!"

Kwetu tulilala chini ya mabati matupu. Neno dari sikulijua. Labda alitamka vizuri, simlaumu. Mie nilisikia Dar, yaani mjini kati, kama tulivyokuita sisi wa pembezoni, alikokwenda mama asubuhi.

Nilikimbilia kituo cha daladala, nikakagua kila aliyeshuka. Mama aliposhuka nilimng'ang'ania khanga.

"Mama, umeuona mzimu wa Dar?"

Akacheka kwa uchovu. "Huo mbona naonana nao kila siku, mwanangu. Twende."

Nilimwacha atangulie, nikalinda nyuma.