Divai Ambayo Akilimali Hakuinywa

Mzee Akilimali wa mtaa wa Jabe alikuwa na vidole vinne mkono wa kushoto. Cha tano kilibaki misioni, alikowapikia mapadri enzi za Wabelgiji. Basi mwalimu Gélase alipotoa riwaya ya kuwacheka mapadri hao, na ndani yake mkiwa na mpishi wa vidole vinne anayeiba divai ya misa, hakuna mtu Jabe aliyehitaji kuambiwa ni nani.

"Baba, hapa umelewa, umetumbukia kwenye pipa la maji ya baraka," binti yake Saliha alimsomea, akijizuia kucheka.

"Mi? Mutu wa kusali tano?"

Msikitini walimuuliza kama divai ni tamu. Sokoni muuza nyanya alimwita Monsieur Chupa, jina la kitabuni. Wiki tatu za hayo zilimfika shingoni. Ilikuwa Julai 2003, waasi wanarusha makombora mjini, lakini asubuhi moja alivaa kanzu safi akapanda kwa miguu hadi mtaa wa mlimani wa Mutanga Sud, nyumbani kwa Gélase, Saliha akimsihi asiende.

Gélase, ambaye habari za misioni alizipata kwa marehemu baba yake, katekista, alimkaribisha kwa heshima. "Mzee wangu, ile ni riwaya. Si wewe."

"Na kidole ni cha nani?"

Kabla hajajibiwa, kombora lilianguka mtaa wa pili. Wakajikuta wote wawili chini ya meza ya chakula, magoti kwa magoti, na huko Mzee aliendelea kugomba kana kwamba hakusikia kitu. Padri wa kitabuni alikuwa mnene, mchekeshaji. Wa kweli alikuwa mwembamba, hacheki. Kidole kilikatika siku Akilimali alipopasua kuni akitetemeka kwa homa, maana Padri alitaka supu saa sita kamili. Akaletewa. Akainywa. Hakuuliza damu mkononi mwa mpishi ni ya nini.

Polepole Gélase akatoa kalamu mfukoni.

"Apana!" Mzee aliinyakua. "Ulishaniandika bila kuniuliza. Sasa sikiliza tu."

Milio ilipotulia, Gélase alimsindikiza hadi barabarani, akaomba kuja kumtembelea. Alikuja Jabe Ijumaa tatu mfululizo, mikono mitupu, akasikiliza. Ya nne Mzee, bado amenuna, alimrudishia kalamu.