Mteremko wa Kwenda Mtihanini

Malori yanaposhuka kuingia Tunduma, breki hunuka raba iliyoungua, nami hushindwa kutulia. Mara huwa nimekaa tena kwenye keria ya baiskeli, nimemkumbatia dada kiunoni.

Alikuwa amechelewa mtihani wa fizikia. Mimi nilikwenda naye ili nirudishe baiskeli, mama aitumie kubebea kahawa. Tangu tutoke nyumbani Iyula alikuwa akinung'unika, "Mchapuko, mchapuko. Nimeukariri, ila siuelewi."

Kwenye mteremko akaacha kukanyaga pedali. Mwanzoni niliweza kuuona kila mti wa kahawa peke yake shambani. Baadaye kidogo yote ikaungana, ikawa ukuta wa kijani. Upepo ukanitoa machozi.

"Dada, funga breki!"

"Nimefunga! Hazishiki!"

Harufu ya raba ikatufuata. Akakata usukani, tukazama kwenye mahindi ya watu.

Tuliinuka tumejaa udongo mwekundu. Goti lake lilivuja damu, lakini alinishika mabega, macho yamemtoka.

"Umeona? Sijakanyaga hata kidogo, na bado kila sekunde ilituongezea kasi juu ya ile tuliyokuwa nayo! Ndio mchapuko huo!"

"Umeumia, dada."

"Twende, nisije nikasahau."

Akakimbia akichechemea hadi shuleni, nami nikimfuata nikikokota baiskeli. Mlinzi alimtazama, akatufungulia geti. Nilibaki nje ya darasa na baiskeli iliyopinda. Kupitia dirishani nilimwona akiandika bila kuinua kichwa, huku damu ikishuka taratibu kwenye soksi nyeupe.