Nilivyolaza Nyasi kwenye Uwanja wa Gofu

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alifariki na shule yangu ikaishia darasa la pili. Nikaanza kibarua kwenye milima ya Litembo, kufyeka na kulaza nyasi kwenye mashamba ya watu. Sisi Wamatengo tunalima ngolo. Nyasi unazilaza kwa mistari inayokatizana mpaka shamba linakuwa vyumba vyumba, halafu unachimba katikati ya kila chumba na udongo unafunika nyasi. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na moja. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha nyasi.

Mwaka juzi mwalimu wa michezo wa hapa Lundo, ninapoishi sasa, alikuja nyumbani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Unataka nini?”

Walimu hawaji kwangu kunijulia hali. Alitaka malisho ya mbuzi wangu kando ya ziwa, watoto wacheze mashindano ya gofu. Gofu nimeiona kwenye televisheni: watu wazima wenye magari yao wanafuata kwa miguu kampira kadogo. Nikamwambia, siku moja tu, jioni mbuzi wanarudi. Akaniomba, mambo yakienda vizuri, uwanja ubaki kwa watoto moja kwa moja, maana kwingine kote ni mihogo na mpunga, hana pengine pa kwenda. Nikamwambia jibu atalipata jioni ya mashindano.

Kazi ya kukata nyasi niliichukua mwenyewe. Mwalimu aliagiza zikatwe fupi kabisa kuzunguka mashimo, nayo yalikuwa sita, kila moja la kuingia kopo la maziwa ya unga. Siku moja kabla ya mashindano nilifyeka tangu asubuhi mpaka jua linazama, nikarudi nyumbani nikijisifu.

Kesho yake saa moja asubuhi Mwalimu alikuja na bendera ambazo mke wangu alishona kwa kitenge chake kikuukuu. Akasimama.

“Mzee, hii mistari ni ya nini?”

Nikatazama. Malisho yote yalikuwa vyumba vyumba, nyasi zimelala zinakatizana vizuri kabisa. Sikuwa nimekusudia. Mikono ilijifanyia yenyewe. Lakini sikuwa tayari kuomba radhi kwa mtu aliyezaliwa mimi nimeshaezeka bati.

“Ya kuzuia maji,” nikasema.

Mke wangu ni Mnyasa wa hapa ufukweni, na nafasi kama hiyo haiachi. “Mwalimu, shukuru umewahi. Ungechelewa kidogo ungekuta ameshapanda maharage. Hawa watu wa milimani wakiona mteremko, mikono inawawasha.”

Tukaanza kuziondoa, mimi, yeye, Mwalimu na akina mama wawili waliokuja kupika wali na samaki wa wageni. Tulijaza turubai, tukaburuta, tukamwaga pembeni, tukarudi. Kosta ya watoto kutoka Songea ilifika tukiwa tumebakiza mistari miwili. Watoto wakashuka, shikamoo babu, shikamoo bibi, nami nikaitikia nikiwa na nyasi mpaka masikioni.

Mashimo matano yalikwenda salama. La sita liko chini, kwenye mteremko wa kuelekea ziwani. Binti mmoja mwembamba akagusa mpira polepole, ukapita shimo, ukateremka, ukaingia majini. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ukafuata. Mipira waliyokuja nayo ilikuwa ya kuhesabu, na mama aliyewaleta akaanza kuchungulia mfuko. Mwalimu alinifuata nyuma ya jiko, uso umemshuka.

“Mzee, mipira ikiisha mashindano yamekufa. Na uwanja nimeukosa.”

“Unataka niogelee niifuate?”

“Ile mistari. Ulaze mmoja tu, chini ya shimo.”

Nilibeba nyasi, nikalaza mstari mmoja mnene kando ya maji, nikaukanyaga ukakaa. Mpira uliofuata uliteremka, ukafika kwenye nyasi, ukatulia. Watoto wakapiga makofi.

“Tangu asubuhi tulikuwa tunaziondoa za nini?” mke wangu akauliza, akiwa ameshika mwiko.

Jioni, watoto wakiwa wameshapewa vikombe vyao vya ushindi, yule mama akamuuliza Mwalimu kama wanaweza kurudi mwakani. Mwalimu akanitazama mimi. Mbuzi nao walikuwa wamefungwa kwenye mihogo tangu alfajiri, wanalia wakitaka kwao.

“Warudi,” nikasema. “Mbuzi nitawatafutia pengine. Ila nyasi nakata mimi, na nalaza ninavyojua.”

“Sawa mzee.”

“Na wewe Mwalimu, utakuja kubeba.”

Leo ninazo eka tatu za kahawa Litembo. Nyumba ya bati yenye vyumba vinne. Mitumbwi miwili. Mashine moja ya kusaga. Pikipiki, ingawa mke wangu ndiye anayeamua iende wapi. Mbuzi kumi na tisa. Na uwanja wa gofu wenye mashimo sita.