Njia Niliyoichora Bila Nestori

Nakumbuka alasiri moja ya zile siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa wa Kibirizi hawaingii ziwani, kwa kuwa taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi mkubwa. Nyavu zilikuwa zimetandazwa mchangani zikishonwa, na sisi vijana watano tulikuwa tumeketi kwenye kibanda cha Bi Tausi, mama aliyekuwa akiuza chai na kuchaji simu za watu, kila mmoja ameinamia simu yake.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa umri wangu haujafika huko. Lakini mwalimu hukabidhiwa watoto wa watu, na baada ya muda huanza kuwaona kuwa ni wake. Wiki iliyopita ulinijia na daftari, ukaniomba nikuchoree njia ya kuanzia msituni katika ule mchezo wa simu mnaoucheza watano kwa watano. Nitakuchorea. Ila kabla sijashika kalamu, sina budi kukueleza njia ya kwanza niliyoichora mwenyewe, na rafiki ambaye njia hiyo ilinigharimu.

Kwa ajili ya mzazi wako, ambaye huenda akausoma waraka huu na asijue tunazungumza nini, nieleze kidogo. Katika mchezo huo kuna njia tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na kila njia ina mchezaji anayelinda minara ya upande wake. Katikati ya njia hizo kuna msitu wenye wanyama. Mchezaji mmoja huingia humo peke yake, huwaua wanyama ili apate nguvu, kisha hutokeza kwenye mojawapo ya njia kumsaidia mwenzake aliyezidiwa. Dakika mbili za mwanzo ndizo zenye uamuzi, kwa sababu akianzia msitu wa juu atatokea chini, na akianzia chini atatokea juu. Hawezi kufika kote kwa wakati mmoja. Mtu wa msituni nilikuwa mimi.

Njia ya chini ilikuwa ya Nestori. Yeye alikuwa mpiga mishale, na mpiga mishale ni dhaifu mno mwanzoni. Akilelewa vizuri huwa tegemeo la timu nzima mwishoni. Nje ya mchezo, Nestori alikuwa mfanyakazi wa mtumbwi wa dagaa, na ndiyo maana timu yetu ilitimia siku za mbalamwezi tu. Wazazi wake walikuwa wametoka Burundi zamani, yeye akiwa mgongoni. Mwezi ule mama yake aliamua kwamba wanarudi Rumonge, kwenye shamba la babu. Safari ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo ninayoisimulia ilikuwa Jumatano, na mechi hiyo dhidi ya vijana wa Katonga ndiyo ingekuwa ya mwisho kwetu kucheza tukiwa bega kwa bega.

"Elia, sha," yaani rafiki yangu kwa Kirundi chake, aliniambia kabla hatujaanza, "leo sitaki mengi. Anzia juu, ushuke, uje umalizie kwangu. Katonga watanijia wawili dakika ya pili, nawajua. Unikute tu."

"Nitakukuta."

"Usije ukaniletea mambo ya lile daftari lako."

"Nimesema nitakukuta, Nestori."

"Ego," akasema, yaani sawa, akacheka. "Nikiondoka nimewafunga Katonga, hata huko nyumbani nitakuwa na la kuhadithia."

Daftari alilolitaja lilikuwa kweli. Nilikuwa nimetoka chuoni kwa likizo, na nilikuwa nimejifunza kuamini kwamba kila jambo lina hesabu yake iliyo sahihi. Kwa wiki mbili, pale nyumbani Mwanga, nilikuwa nimepima kwa saa kila mnyama anakufa kwa muda gani, na nilikuwa nimeipata njia ya haraka kuliko zote. Njia hiyo ilianzia chini na kuishia juu. Tena huko juu ningeweza kuvuka mto na kuwaiba wanyama wa mtu wa msituni wa Katonga, kijana aliyekuwa ameandika kwenye kundi letu la simu asubuhi ile, "Kibirizi, mmeshaanua dagaa au tuje tuwasaidie?" Nilitamani sana kumjibu.

Mchezo ulipoanza, nikaanzia chini.

"Mbona uko huku?" Nestori aliuliza bila kuinua macho.

"Nageuza, narudi kwako."

Huo ulikuwa uongo, mwanangu, na niliusema kwa sauti ya kawaida kabisa. Yeye akauamini. Kwa kuwa aliniona karibu, alisogea mbele ya mnara wake kwa ujasiri ambao asingekuwa nao kama angejua kwamba yuko peke yake. Mimi nikapanda. Kila mnyama alikufa katika sekunde niliyoiandika, na sitakuficha kwamba nilisikia raha ambayo mpaka leo naikumbuka kwa aibu.

"Elia, wawili. Njoo."

"Subiri."

"Elia, njoo bwana."

"Subiri kidogo, namalizia."

Aliniita mara nne. Mara ya nne hakutamka neno "njoo". Alitaja jina langu tu, polepole, kama mtu anayehakikisha kama kweli lipo. Tangu hapo hadi mwisho wa mechi hakuniomba chochote. Alikufa, akarudi, akafa tena. Mnara wake ulianguka, wa pili ukafuata, na Katonga wakaingia ngomeni kwetu kupitia njia ya chini kama watu wanaoingia sokoni. Tulishindwa. Lakini kwenye ubao wa matokeo jina langu liliongoza: nilikuwa nimeua wengi, nimekusanya zaidi ya wote, nimekufa mara moja tu.

Nikafanya kosa la pili, ambalo naona lilizidi la kwanza. Nilimgeuzia Nestori simu yangu aone ubao, nikamwambia, "Ungebaki nyuma ya mnara."

"Nilikuwa nakusubiri," akajibu.

Hakusema kwa hasira. Alichomoa simu yake kwenye chaji, akamshukuru Bi Tausi, akatuaga wote wanne kwa pamoja bila kunitazama mimi zaidi ya wengine, akaenda kuungana na wenzake waliokuwa wakishona nyavu.

Bi Tausi alikuwa akiosha vikombe. Hakuwahi kuuelewa mchezo wetu. Alikuwa akituuliza tunapigana na nani na kama huyo mtu yuko Kigoma hii hii. Alikausha mikono yake, akakaa mahali alipokuwa amekaa Nestori.

"Mimi hayo ya kwenye simu siyajui," alisema. "Ila masikio ninayo. Mwenzako kakuita mara nne, wewe ukamwambia asubiri. Ulikuwa unafanya nini cha maana hivyo?"

"Nilikuwa nafuata mpango, mama."

"Mpango wa nani?"

Nikaizima simu.

"Na huyo aliyekuwa akikuita, kwenye huo mpango wako ulimwandika wapi?"

Nilifikiri anauliza kwa mafumbo. Baadaye, nilipofungua daftari, nikaona kwamba alikuwa ameuliza jambo halisi. Kurasa sita nilikuwa nimeandika wanyama, sekunde, mto, vichaka. Jina la mchezaji mwenzangu halikuwemo hata mahali pamoja.

Ilinipasa niinuke saa ile ile, nitembee hatua hamsini hadi kwenye nyavu, nimwombe radhi. Ukiona namsisitizia mtu leo aombe radhi kabla jua halijazama, jua chanzo chake ni hapo. Mimi nilirudi Mwanga, na Alhamisi yote pamoja na Ijumaa nikashinda nimeinamia daftari, nikichora upya ile njia ili nipate ushahidi kwamba hata kama ningeshuka chini, Nestori angekufa tu. Nilitaka niende Jumamosi nikiwa na hoja. Mahesabu yangu, kwa bahati mbaya au nzuri, yalionyesha kwamba ningemwahi, na muda ungebaki.

Jumamosi nilifika Kibirizi mapema, mikono mitupu, nimeshaamua kusema neno moja tu. Mpanga mizigo wa boti za kwenda Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, aliniangalia, akatikisa kichwa.

"Wale wa Rumonge? Wameondoka jana mchana. Ziwa lilitulia, mama yao akaona wasingoje. Ulikuwa na mzigo wao?"

Nikamwambia hapana. Nilisimama pale kwa muda mrefu, watu wakinipita na magunia, nisijue pa kwenda.

Mwanangu, likizo ile yote na muhula uliofuata nilicheza njia ya chini. Niliacha msitu, nikachukua nafasi ya Nestori, nikicheza na watu nisiowajua. Nilitaka kujua ilikuwaje kusimama pale. Nikajua. Unaiona ramani yote, unamwona mwenzako anavyotembea kwa utulivu upande wa mbali, unaita, na yeye ana shughuli zake. Hakuna upweke mchungu kama ule wa mtu mwenye timu.

Siku moja jina la Nestori liliwaka kuonyesha yumo mchezoni. Nikamwandikia kwamba nilimdanganya, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba namwomba radhi. Jibu lilikuja baada ya muda: "Nimesoma. Niko na timu." Jina likaendelea kuwaka mpaka alipomaliza, kisha likazimika. Sikumlaumu, na sijamwandikia tena.

Sasa nasaha yangu, na niiseme wazi. Kabla hujaandika mnyama wa kwanza, andika majina manne ya wenzako, na kando ya kila jina uandike anahitaji nini dakika ya pili. Muulize yeye, usimkisie. Kisha chagua upande wa kuanzia kwa kuangalia ni nani atakuwa dhaifu pale utakapotokea. Ukishamwahidi mtu, hata sekunde zikupotee, fika. Na ikiwa huwezi kufika, mwambie mapema, arudi nyuma ya mnara akiwa hai. Fanya hivyo mchezoni, ufanye hivyo na nyumbani kwenu, na ufanye hivyo siku utakapopewa madaraka juu ya watu.

Mungu akupe wenzako watakaokuita kwa jina, akupe na masikio ya kuwasikia mara ya kwanza. Akujalie miguu myepesi ya kwenda kuomba radhi, na wale uliowakosea awaweke pale pale mpaka ufike.