Msimulizi Haingii Ndani

Majirani zetu wa Birongo waliamini kwamba baba mkwe wangu ameanza kugombana na ukuta. Kila jioni walimwona amesimama chini ya upenu wa nyumba yetu, mwavuli mkononi, akilifokea dirisha lililofungwa pazia: "Fisi ameanguka ama bado?" Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Aliitikia amina, akawashukuru, akarudi kwa fisi wake.

Shida ilikuwa binti yangu. Alikuwa amepita miaka mitatu na hajatamka neno. Alisikia, alicheka, alielekeza kidole, basi. Muuguzi alimpima akasema masikio hayana kasoro. Mwalimu wa chekechea akatushauri tuchore naye, tucheze naye, tumsimulie hadithi kila siku. Niliogopa hadi chakula kikanishinda. Nimeolewa huku kutoka upande wa ziwa, na jirani mmoja alisema mtoto amekwama katikati ya lugha mbili kama gari kwenye matope. Huyo nilimnyima chai.

Tulichora kwa makaa kwenye kuta za sebule mpaka nyumba ikafanana na jiko. Hadithi ndizo zilizotushinda. Mume wangu akisimulia, hata kuku wanasinzia. Bingwa wa hadithi ni babake, na babake hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni chinsoni, heshima ya Wakisii baina ya wazazi na watoto wao waliooa, na haijui dharura. Nilikasirika. Niliuliza ni heshima gani hii ya kumwacha mtoto bubu. Mzee akatuma jibu kwamba dirisha si nyumba.

Basi yeye akasimulia nje, sisi tukaigiza ndani, pazia limefungwa asije akamwona mke wa mwanawe akirukaruka. Mimi nilikuwa sungura, masikio yangu majani ya mgomba. Mume wangu alikuwa fisi, ndani ya koti la manyoya la mtumba kutoka soko la Daraja Mbili, koti la kike, ambalo muuzaji alikuwa ameshakata tamaa nalo.

"Ako chini, Baba," mume wangu alijibu akiwa sakafuni.

"Aanguke tena. Sijasikia kishindo."

Mtoto alicheka. Hakusema kitu.

Jioni moja, katika hadithi, fisi alinyeshewa akaenda kubisha kwa sungura. Mvua ya kweli nayo ikaanza, ile ya huku inayokuja na mawe. Upepo ukaupindua mwavuli. Mzee hakukatiza hadithi.

"Nifungulieni, nimelowa," akalia kwa sauti ya fisi.

"Sifungui," nikajibu, maana ndivyo sungura alivyotakiwa kusema.

Binti yangu alinitazama kama mtu asiyeamini ukatili wangu. Akapanda kiti, akavuta pazia.

"Babu, ingia."

Mzee alituona sote: mkazamwana wake mwenye masikio ya mgomba, na mwanawe kwa magoti, amevaa koti la mwanamke. Aibu ya ukoo mzima ilikuwa hapo, na mimi nilikuwa nalia kwa furaha.

"Siwezi, mama yangu," akamwambia mtoto polepole. "Hii ni nyumba ya babako."

"Ingia. Mvua."

"Babu haingii."

"Kwa nini?"

Uso wa mzee ulilegea. Nikaona mguu wake mmoja umeshageukia mlangoni. Alikuwa tayari kuivunja mila ya baba zake kwa ajili ya mtoto wangu, nami niliyeilaani mila hiyo tangu siku ya kwanza nikashikwa na hofu. Nikamtazama machoni, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuthubutu.

"Baba," nikamwambia, "tafadhali, kataa tena."

Akaelewa. Akauweka chini mwavuli uliovunjika, akaegemea dirisha na kukataa, maji yakimtiririka shingoni, huku mjukuu wake akimgombeza kwa kila neno alilokuwa ametuficha.